Bwana Harusi wa Ghorofa ya Nne

Miguu yangu ilikuwa hewani. Niliitazama nisiamini, viatu vyeusi nilivyovipiga rangi asubuhi ile vikining'inia juu ya ngazi za ofisi ya watu, na kwa muda sikuelewa kwamba ni vyangu. Nyuma ya kisogo changu mwanamke alikuwa anahema. Mbele yangu, chini kidogo, kijana mwenye koti jeusi alikuwa ameshika miguu ya mbele ya kiti nilichokalia, uso wake karibu uguse magoti yangu, mishipa ya shingo imemtoka. Mimi, Winchi, nilikuwa nimebebwa.

Jina hilo lazima nilieleze, la sivyo hutajua kwa nini nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Winchi, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ni jina nililopewa na wenzangu katika kazi ya kuhamisha vyombo vya watu. Makabati, majokofu, vitanda vya mbao ngumu: kama kitu kilipanda ghorofani, mimi nilikipandisha, na kama kilishuka, mimi nilikishusha. Lori lilikuwa la tajiri, mgongo ulikuwa wangu. Ngazini wa juu anaongoza, wa chini ndiye anayebeba, na wote walijua kwamba chini ni kwa Winchi. Nimewahi kupandisha piano kwenye ngazi ambazo paka mnene angezipita ubavu ubavu. Sikuwahi kuangusha kitu. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Ningesubiri kusifiwa na tajiri ningekufa na kiu.

Kisha uzee ukaja. Goti la kulia lilianza, likamwita mwenzake. Mwili haukupungua hata kidogo, nguvu tu ndizo zilizohama, na hazikuniomba nizibebee vyombo. Sikumwambia mtu. Binti yangu, kitindamimba, ambaye tulibaki wawili tangu mama yake atutoke, alijua naumwa "kidogo." Nikisikia hatua zake nje nilikuwa nanyanyuka mapema, ili akiingia anikute nimesimama, asione nilivyosimama. Niliona huo ni ujanja mkubwa.

Siku ile alikuwa anafunga ndoa ya serikalini, ghorofa ya nne. Mkwe wangu alikuwa anasafiri kesho yake kwenda kazini ng'ambo, mkataba wa miaka miwili, na ilikuwa Ijumaa, msajili anafunga mapema. Ndoa ilikuwa ifungwe siku ile, au isubiri miaka miwili. Asubuhi binti alinishika kola, akanitengenezea tai, akaniambia, "Baba, mimi sisaini mpaka nikuone umekaa."

"Nitakaa mbele kabisa," nikamjibu. "Nitamziba msajili."

Lakini nilikataa kwenda nao kwenye gari moja. Nilisingizia kinyozi. Ukweli ni kwamba sikutaka mkwe na rafiki zake waone ninavyotoka garini: mguu mmoja, halafu dua, halafu mguu wa pili. Nikawaambia tangulieni, jengo lile lina lifti, nitawafuata juu kama bwana mkubwa. Walipofika wao lifti ilikuwa inafanya kazi. Nilipofika mimi ukumbi wa chini ulikuwa giza, watu wamejaa, na milango ya lifti imefunguka nusu na kuachwa hivyo.

"Shikamoo, mzee," akaniamkia mlinzi wa mlangoni, mwanamke mpana wa mabega, sare imembana. "Umeme umekatika. Lifti imelala."

"Marahaba. Itaamka lini?"

"Hiyo haina ahadi, mzee wangu."

Nikazitazama ngazi. Nilizijua ngazi za aina ile. Za zege, zenye kona kila baada ya vidato kumi au zaidi, na reli ya chuma upande mmoja. Zamani ningezipanda na kabati mgongoni huku nikisimulia mpira wa jana. Nikashika reli, nikapanda. Kidato cha kwanza, sawa. Kidato cha nne goti la kulia likalia mlio ambao hata msichana aliyekuwa ananipita aliusikia, akageuka. Kidato cha sita magoti yote mawili yakagoma kabisa. Hayakuuma tu. Yalikataa. Niliyaamrisha, na hayakunisikiliza, na hapo ndipo nilipopata mshtuko wa kwanza wa siku ile: kumbe mtu unaweza kuutuma mwili wako na usitumike. Nikakaa pale pale kwenye kidato, koti langu la harusi na vumbi la watu, nao wakinipita kulia na kushoto.

Simu ikalia. Binti.

"Baba, uko wapi? Tunaitwa baada ya hawa."

"Nipo kwenye ngazi, mama. Nakuja."

"Umeme umekatika huku. Nikufuate?"

"Unifuate kwani mimi mtoto? Kaa hapo, utapitwa zamu."

Nikakata simu. Mlinzi alikuwa amesimama chini yangu, amesikia yote. "Ngoja nimwite," akasema. "Mimi najua kupiga kelele, atasikia mpaka huko juu."

"Ukimwita nitakushtaki."

"Utanishtaki kwa nani na wewe huwezi kupanda?"

Nilikuwa namwona binti yangu kichwani. Ningemjulisha, angeshuka ghorofa nne na gauni lake jeupe akiwa amelishika mkononi, angeniona pale nilipo, angekaa chini karibu yangu, na asingepanda tena bila mimi. Ndivyo alivyo. Zamu ingepita, msajili angefunga, na mume angepanda ndege bila cheti. Mambo yote hayo kwa sababu ya magoti yangu na mdomo wangu uliofungwa. Nilitaka kulia, na nilikuwa sijalia mbele ya watu tangu siku ile ya mama yake.

Mlinzi akaondoka, akarudi na kiti chake cha kazini, kiti cha mbao chenye mikono. "Kaa hapa. Tutakubeba."

"Nani? Mimi? Nibebwe?"

"Sasa utafanyaje, mzee, utaruka?" Halafu akaugeukia ukumbi, akapaza sauti. "Jamani! Nani ana nguvu hapa? Kuna mzee wa kupandisha ghorofa ya nne, binti yake anaolewa!"

Loo, kama kuna aibu ilibaki, ilikuwa hiyo. Ukumbi mzima ulinitazama. Kisha, kama kawaida ya watu, wote wakakumbuka simu zao. Ila mmoja. Alikuwa amesimama pale ngazi zinapoanzia, mkono kwenye reli, na nadhani alikuwa pale hata nilipoingia. Kijana wa makamo, koti jeusi, shati jeupe, viatu vinang'aa. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hakulala.

"Mimi," akasema.

Nikamtazama alivyopendeza, na katika fedheha yangu nikatafuta pa kushika, nikashika mzaha. "Aa, bwana harusi! Na wewe umekuja kuoa leo? Utafika juu umeloa jasho, bibi harusi akukatae."

Akafungua kinywa, akakifunga. "Si kitu, mzee," akasema. Akavua saa akaitia mfukoni.

Kabla sijakaa nilikikagua kile kiti. Nilikitikisa, nikabonyeza maungio, nikatazama kama mguu wowote umelegea. Mlinzi akasema hajawahi kuona mtu anayechumbia kiti. Nikawaambia nani ashike wapi: mama mlinzi nyuma, juu, ashike mgongo wa kiti na apande kinyumenyume, bwana harusi chini, ashike miguu ya mbele. Nikahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu wakaninyanyua.

Sijui nikuelezeje. Tangu mama yangu anishushe mgongoni hakuna mtu aliyewahi kunitoa ardhini. Miaka yote ile nilijua uzito wa vitu vya watu wote, ila wangu sikuwahi kuujua, na sasa nilikuwa nausoma kwenye uso wa mtu nisiyemjua, shavu lake likitetemeka. Hakulalamika. Alikuwa ananitazama kifuani, pumzi inatoka kwa pua, na anapanda.

Basi mimi nikageuza shingo, nikaanza kazi yangu. "Kata kulia! Mama, kidato kinachofuata kimevunjika ukingo. Bwana harusi, usitumie mgongo, tumia mapaja!"

"Mzee," akasema mlinzi juu yangu, akihema, "leo wewe ni mzigo. Mzigo hausemi."

Watu waliokuwa wanashuka wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, cheko kavu. Tukafika kwenye kona ya kwanza.

Kona ndiyo mtihani wa kazi yetu. Pale ndipo kabati linapokwama na vidole vinapovunjika. Mtu aliyezoea hupeleka mkono mwenyewe ukutani au kwenye reli, akasukuma, mzigo ukazunguka. Nimefanya hivyo maisha yangu yote bila kufikiri. Na pale, nikiwa nimekaa kwenye kiti, nilipohisi kiti kinalalia upande wa ukuta, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikashika reli. Nikavuta.

Kiti kilizunguka kizima. Mlinzi akapiga ukelele. Nikamwona yule kijana akikosa kidato, mguu wake ukipapasa nyuma yake kutafuta pa kukanyaga, na nyuma yake hakukuwa na kitu, ila ngazi zote zile tulizopanda. Goti lake likagonga zege, kwa kishindo nilichokisikia mpaka kwenye meno. Lakini mikono haikuachia. Alipiga goti moja, kiti kimemlalia begani, mimi nimemlalia, na hakuachia.

Nilikuwa karibu kumuua mtu. Mimi ambaye sikuwahi kuangusha hata kikombe.

Akanyanyua uso. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, ila sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Mzee, nakuomba," akasema. "Usinisaidie."

Nikaachia reli. Nikaikusanya mikono yangu, nikaipakata, nikaushikilia mmoja kwa mwingine. Waliposimama na kuendelea, nilimkumbuka bibi mmoja tuliyemhamisha zamani, aliyekaa kwenye kochi lake na kusema mkichukua kochi, mnichukue na mimi. Tulimbeba juu juu mpaka barabarani, mtaa mzima ukiangua kicheko, naye ametulia tu, mkoba mapajani. Tulisema bibi yule ana vituko. Sasa nilijua kwamba alikuwa anafanya kazi ngumu kuliko sisi tuliombeba. Kutulia kwenye mikono ya watu si mchezo.

Ghorofa ya pili walipumzika. Ya tatu wakapumzika tena, na mlinzi akasema akistaafu atanidai mgongo mpya. Kwenye goti la suruali ya kijana palikuwa na vumbi jeupe, na doa linalolowa chini ya vumbi.

"Umeumia," nikamwambia.

"Kidogo tu," akasema. Nikatambua hilo "kidogo." Lilikuwa langu.

Tulipotokea ghorofa ya nne, binti yangu alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, gauni jeupe, simu sikioni, ananipigia. Aliona kwanza mgongo wa mlinzi. Halafu akaniona mimi, nimepakatwa kama mtoto mchanga. Simu ilimteleza, ikaanguka sakafuni, na hakuiokota.

"Baba," akasema. "Kumbe ni hivi?"

Ningeweza kusema ni lifti. Ningeweza kufanya mzaha, nilikuwa na mizaha mitatu tayari. "Ni hivi, mama," nikasema. "Siku nyingi."

Akaja, akapiga magoti na gauni lake lote, akaweka kichwa chake kwenye magoti yale yale mabovu. Nilidhani atanigombeza. Alilia tu, na mimi nikashindwa kujizuia. Kisha karani akamwita, akajifuta uso, akaniambia, "Twende ukakae mbele." Mkwe na rafiki yake wakakinyanyua kile kiti na mimi juu yake, mikono nimeipakata. Nilikaa mbele kabisa. Nilimwona akisaini.

Tulitoka nje ya chumba kile kwa shangwe. Rafiki za mkwe walikuwa wanapiga kelele, mtu anapiga picha, mkwe anakumbatia kila mtu, mpaka mlinzi aliyebaki kusubiri kiti chake. Nikamwona yule kijana amekaa kwenye benchi upande wa pili wa ukumbi, peke yake, viwiko magotini. Moyo wangu ulikuwa umejaa furaha, nikataka na yeye apate.

"Bwana harusi!" nikamwita kwa sauti. "Bado tu? Bibi harusi wako amekukimbia nini?"

Watu wetu wakacheka. Mlango uliokuwa karibu naye ukafunguka, mlango ambao sikuwa nimesoma kibao chake, karani mwenye miwani akatoa kichwa. "Aliyekuja kwa cheti cha kifo," akasema, "aingie."

Kijana akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaingia.

Mungu wangu. Kicheko chetu kilikatika hapo hapo, mtu wa mwisho akaishia katikati. Ngazi nzima ile, kidato kwa kidato, nilikuwa nimemwita bwana harusi. Nilimtania jasho, nilimtania bibi harusi, nilimvunja goti, na mtu ana msiba. Binti yangu alinishika bega, akasema taratibu kwamba sikujua. Ndiyo, sikujua. Lakini kinywa kilikuwa changu.

Kijana alipotoka alikuwa na karatasi, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Nikamwomba asogee.

"Mwanangu, nisamehe. Umefiwa na nani?"

"Baba," akasema. "Jana jioni."

"Na leo ukanibeba mimi? Na wewe una mzigo wa namna hiyo?"

Akatazama upande wa ngazi. "Nilikuwa pale chini tangu walipofungua," akasema. "Nilikuja peke yangu, nyumbani hakuna mwingine. Kila nikitaka kupanda, mguu haunyanyuki. Nikawa nasema, nikipanda nikaandikisha, ndiyo basi, amekufa kweli. Halafu mama mlinzi akauliza nani ana nguvu." Akanyanyua mabega. "Nisingepanda, mzee. Nilipanda kwa sababu yako."

Nilimshika mkono. Ulikuwa na malengelenge mapya pale miguu ya kiti ilipomkata, na nilishangaa nilivyokuwa sijamshika mkono mtu mzima kwa muda mrefu hivyo, mkono wa kushika tu, bila kunyanyua kitu wala kunyanyuliwa.

Umeme haukurudi. Mkwe na rafiki zake wakavua makoti, wakakunja mikono ya mashati, wakabishana nani akae wapi. Vijana wazima, wenye nguvu, ndugu zangu sasa. Kijana aliwatazama. Kisha akamwambia mkwe wangu, kwa adabu, kama anayeomba ruhusa ya kutoka chumbani, "Samahani. Naomba nimshushe mimi."

"Goti lako, kaka," akasema mkwe. "Umeshachoka, tuachie."

Nilimwona akishusha macho. Nilijua kwamba huko chini mlango wa nje ulikuwa unamsubiri, na barabara, na nyumba yenye kitanda kitupu, na kwamba alikuwa anaomba zile ngazi tu, zisiishe haraka. Nami nilikuwa nimechoka kuonewa huruma siku ile, na goti lake lilikuwa linanitia uchungu, na kila kitu ndani yangu kilitaka kusema hapana, mwanangu, umeshafanya vya kutosha.

"Mkwe, kaa pembeni," nikasema. "Mama mlinzi, shika nyuma. Huyu ashike mbele. Ninyi tangulieni chini, mfungue njia."

Wakaninyanyua. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, muulize mtu yeyote wa kazi yetu. Uzito wote unamkimbilia wa mbele, naye anatafuta vidato kwa kisigino bila kuviona. Alishuka kinyumenyume, polepole mno, uso wake umenielekea. Niliipakata mikono yangu. Ghorofa ya tatu tukaipita bila kupumzika. Baada ya hapo machozi yakaanza kumtoka. Hayakuwa na sauti. Yalishuka tu mpaka mdomoni, yakaingia, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kiti. Mlinzi nyuma yangu hakuona. Binti yangu alikuwa ametangulia. Niliyaona mimi peke yangu.

"Mwanangu," nikamwambia, "nasogeza mkono. Msishtuke."

Akasimama kidogo, akakaza vidole.

"Sogeza, baba," akasema.

Nikamfuta kwa mkono wa koti langu, jicho moja, kisha la pili. Akavuta pumzi, akatafuta kidato kwa mguu, akashuka.